Nani Atashika Bureti?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kutufungulia mlango huu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule pamoja na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu, na bosi wangu mpaka jioni ya leo nitakapokukabidhi funguo, walimu wenzangu mlionivumilia, wazazi na walezi, wanafunzi wangu, na nyinyi mliosimama nje ya madirisha, wengine kwa kukosa viti na mwingine kwa sababu nitakayoieleza baadaye: nawasalimu wote, na kila mmoja aipokee salamu kwa nafasi yake.

Nimeombwa niwe mfupi wa maneno. Aliyeniomba ni mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye akianza kusema paredi ya asubuhi, kipindi cha kwanza hutupita tukiwa bado tumesimama uwanjani. Basi nitajitahidi, ila ahadi sitoi.

Leo mna kazi mbili. Mnamuaga mwalimu wa kemia anayestaafu, na mnafungua maabara mpya. Walioandaa ratiba wameziweka pamoja ili viti vikodishwe mara moja, na wamefanya vyema, maana ningeagwa peke yangu nusu yenu msingekuja. Msikatae, nawajua.

Jengo ni zuri. Asubuhi niliingia humu kabla ya watu, nikafungua bomba, maji yakatoka. Nikawasha kichomeo, moto ukawaka. Nikaegemea meza, haikucheza. Mheshimiwa, wewe huwezi kujua furaha ya mwalimu aliyeegemea meza isiyocheza, kwa sababu hukuwahi kufanya majaribio ndani ya stoo ya majembe na mipira, mahali ambapo ukitaka kuwasha moto sharti kwanza uombe ruhusa kwa mwalimu wa michezo atoe nyavu zake. Kwa waliochanga, kwa waliojenga, kwa mafundi waliochomwa na jua hapa, nasema ahsante, na ninaisema kutoka moyoni kabisa.

Kisha nikageuka nitoke. Kando ya mlango, hapo nyuma yenu, geukeni mwone, kuna maandishi ya rangi nyekundu ambayo hata harufu haijaisha: ATAKAYEVUNJA CHOMBO HATAINGIA MAABARA MPAKA ALETE KINGINE. Nilisimama nikaitazama sheria ile nikasema, eh! Na wewe umehama pamoja nasi?

Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Ilikuwa na shukrani nyingi na kichekesho kimoja cha mwaka nilioajiriwa. Nimeiacha mezani kwangu. Nitazungumza juu ya sheria hii, kwa sababu kesho sitakuwa na mahali pa kuizungumzia.

Niwaeleze wageni. Sheria hii niliikuta, na aliyeitunga simjui. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utaona ina haki: umevunja, leta kingine. Lakini vioo vya maabara haviuzwi gengeni. Na wazazi wa shule hii, nyinyi mnaonisikiliza, mnafua nguo za watu, mnabeba mizigo, mnashona viatu, mnalinda mageti. Mtoto wa nyumba hiyo, kabla hajafundishwa kemia, ameshajiuliza swali lake mwenyewe: nikivunja hiki, mama atafanyaje? Basi hashiki. Anaweka mikono nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa desturi ya shule yetu. Hakuna aliyeiandika, hakuna aliyeipitisha kikaoni, lakini kila mwanafunzi anaijua tangu wiki ya kwanza. Kila kundi lina mshika vyombo mmoja. Mshika vyombo ni yule ambaye kwao kikivunjika kimoja kitaletwa kingine. Yeye ndiye anayemimina, ndiye anayefungua koki, ndiye anayewasha. Waliobaki wanaizunguka meza, mikono nyuma, wanatazama, halafu wanaandika alichofanya mwenzao kana kwamba wamefanya wao. Na wanaandika vizuri! Hamna watu duniani wanaoeleza vizuri kazi ambayo hawajaigusa kama wanafunzi wangu.

Watu wakubwa, tena wenye shahada zao, wameniambia mara nyingi kwamba watoto wa shule kama yetu hawapendi sayansi, wanakimbilia masomo mepesi. Mheshimiwa, nasikia ulikuwa mchezaji hodari wa mpira ujanani. Hebu niambie: ungekuwa kila siku unasimama pembeni ya uwanja unaandika jinsi mwenzako anavyopiga chenga, ungeupenda mpira mpaka lini?

Tulikuwa na kijana hapa tukimwita Redio, kwa sababu ukimuuliza swali hazimi. Kemia yote ilikuwa kichwani mwake. Siku ya mtihani wa vitendo, na siku hiyo hakuna makundi, kila mtu ana meza yake na vyombo vyake, msimamizi alisema anzeni. Wenzake wakaanza. Redio alibaki amesimama wima, mikono nyuma, kalamu sikioni. Msimamizi akamsogelea. "Kijana, una tatizo gani?" Redio akajibu kwa adabu zote, "Sina tatizo, mwalimu. Namngoja mshika vyombo."

Chekeni. Mimi pia nilicheka waliponisimulia. Kisha nilikwenda nyuma ya stoo ile nikalia, na yeyote aliyepita akanikuta nilimwambia ni moshi.

Redio yupo humu leo. Amekuja kama mzazi, na amenipa ruhusa ya kumsimulia kwa sharti moja, kwamba niseme kuwa kwenye karatasi ya nadharia aliwapita wote. Haya, nimesema. Alitaka kuwa mfamasia, vitendo vikamwangusha. Sasa anauza dawa za mifugo dukani kwa mjomba wake, anakula vizuri, hana cha kulalamika na wala halalamiki. Binti yake ameanza kidato cha kwanza hapa mwaka huu. Juzi, mafundi walipokuwa wanaingiza meza hizi, nilimkuta binti huyo amechungulia mlangoni. Anatazama, macho yamemtoka, na mikono yake ameiweka nyuma. Hajawahi kukanyaga maabara. Hakuna aliyemwambia aiweke huko. Hapo nilikasirika, jamani, na hasira ile bado ninayo.

Sasa nisije nikamwonea mtu. Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Nimefanya naye kazi, nimegombana naye, na nilipougua alinishikia vipindi vyangu, akafundisha kemia yeye aliyesomea jiografia, na wanafunzi mpaka leo wanakiita kipindi kile "kemia ya milima na mabonde." Nimemlalamikia sheria hii kila kikao, na jibu lake ni lilelile: "Mwalimu, vikivunjika vyote mwaka huu, wa mwakani watashika nini?" Ni swali la mtu anayejua shida. Sijawahi kulidharau.

Lakini, Mwalimu Mkuu, wa mwaka jana walishika nini? Wengi wetu nyumbani tuna kabati lenye glasi za wageni. Watoto wanakunywa kwa vikombe vya plastiki, glasi zinafutwa vumbi kila Jumamosi, na siku wageni wakifika tunawapa soda na mirija. Ndivyo tulivyovifanya vyombo vya shule hii. Ofisini kwako kuna bika, vile vikombe vya kioo vya kupimia, ambazo bado zimelala ndani ya maboksi yao, zimefungwa karatasi kama siku zilipokuja. Wakaguzi wameziona na kuzisifu. Wafadhili wamepiga nazo picha. Mwanafunzi hazijui, na nyingine zina umri mkubwa kuliko yeye.

Sasa nifike kwa yule niliyesema amesimama dirishani kwa sababu nyingine.

Yuko pale, dirisha la pili. Usijifiche, mama, watu wameshakuona. Huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na shule nzima inamwita Mbona. Jina hilo nilimpa mimi. Ukisema maji yanachemka, atauliza mbona. Ukisema chuma hushika kutu, atauliza mbona cha jirani hakijashika. Ukisema nyamaza, hapo ndipo atauliza mbona kwa sauti zaidi.

Mwanzoni mwa muhula huu, kundi lake lilikuwa linatumia bureti. Kwa wasioijua, bureti ni lile bomba refu jembamba la kioo lililosimamishwa mezani hapa mbele, lenye alama ubavuni na koki chini. Mshika vyombo wao alikuwa mfupi kidogo kuliko bureti, basi akapanda kigoda, na alipopanda akawa anasoma alama kutokea juu. Mbona akamwambia, "Mbona unasomea juu? Shuka, isomwe ikiwa sawa na macho." Mwenzake akasema haoni. Mbona akasahau sheria, akasahau mikono yake, akalegeza kishikizi, kile chuma kinachoibana bureti isianguke, ili aiteremshe. Ikateleza, ikavunjika.

Kuhusu alama alikuwa sahihi. Kuhusu kishikizi alikosea, kwa sababu hakuwahi kukigusa, hakujua kinavyolegea ghafla. Tangu siku hiyo hajaingia maabara. Vipindi vya vitendo anasimama nje, anauliza maswali yake kupitia dirishani, na mimi namjibu. Mtihani wake wa vitendo ni mwezi ujao. Anataka kwenda kusomea maabara za hospitali, awe yule anayeipima damu ya mgonjwa akajua kinachomuumiza. Kichwa anacho. Akishindwa vitendo, huko haendi, na nitakuwa nimemfanya Redio wa pili. Hilo ndilo linaloniuma leo. Kustaafu wala hakuniumi.

Mama yake husafisha ofisi za watu mjini. Alikuja hapa na sare yake ya kazi, akakaa mbele yangu, akanisikiliza mpaka nikamaliza kumsomea sheria. Kisha akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Mwalimu, mimi nyumbani akivunja kikombe namwambia afagie vigae asije mtu akajikata. Kwani nyinyi huku mnafanyaje?"

Nililileta swali lake kwenye kikao cha walimu, likaahirishwa. Likaletwa tena, tukaingia mapumziko ya chai. Leo nimelileta hapa, ambapo chai imewekwa mwisho wa ratiba.

Mheshimiwa, ratiba yako inasema kwamba baada yangu wanafunzi wawili watakuonyesha jaribio. Ni washika vyombo wetu hodari, watoto wazuri, na sina neno nao. Nilizungumza nao asubuhi, nikawaomba wampishe mwenzao. Mmoja akasema, "Mwalimu, afadhali! Mimi nikiangaliwa na watu nasahau hata koki inafunguliwa upande gani." Basi vyombo viko tayari mezani. Kinachohitajika ni ruhusa ya mwenye nyumba.

Mwalimu Mkuu, mbele ya wageni wako, nakuomba Mbona aingie.

Ananitazama kwa yale macho ya kikaoni. Nayajua. Mwenyekiti, tafadhali usimnong'oneze, mwache mwenyewe aamue... Umesemaje? "Leo tu." Amesema leo tu. Haya, nimepokea, tuanze na hiyo leo. Mbona, zunguka uje mlangoni. Mpisheni, mpisheni njia. Mzee wa kamera, vuta huo waya watu wasijikwae.

Wakati anajifunga aproni, niwaeleze atakachofanya. Ndani ya chupa hii ya kioo kuna maji ya magadi, tumeyatia matone ya dawa ya rangi yakawa ya njano. Ndani ya bureti kuna asidi. Ataifungua koki idondoke kidogo kidogo huku anaitikisa chupa. Inapofika mahali pake, tone moja linaigeuza njano kuwa rangi ya machungwa, nyepesi. Hapo ndipo anatakiwa afunge. Likiongezeka tone jingine, inakuwa nyekundu, na jibu limeharibika. Ni kazi ya mkono zaidi kuliko ya kichwa, na mkono huu tumeufungia nje muhula mzima.

Endelea, mama. Mkono wa kushoto kwenye koki. Usiwatazame hawa, watazame baadaye.

Tumsubiri.

Mnaona, ameinama macho yakawa sawa na alama. Hilo hakuna aliyemfundisha upya.

Sasa polepole... polepole...

Nyekundu!

Mnapiga makofi. Mheshimiwa naye amesimama, anapiga makofi, na wa nje wanapiga vigelegele. Lakini hebu nyamazeni kidogo, nyamazeni, mwangalieni mwenyewe. Anatikisa kichwa. Mbona, unasemaje? Sogea kwenye kipaza sauti.

"Imezidi."

Rudia, mama, wa nyuma hawajakusikia.

"Imezidi, Mheshimiwa. Nilichelewa kufunga. Ilitakiwa ikomee rangi ya machungwa. Hii si sahihi."

Mmemsikia? Mimi nilikuwa tayari kunyamaza, sitawaficha. Nilimpenda, nikataka abaki na makofi yenu. Chumba kizima kilikuwa kimeshashangilia, mgeni wa heshima ameinuka kwenye kiti chake, na humu ndani waliokumbuka nilichosema kuhusu nyekundu labda ni walimu watatu, Redio, na wale washika vyombo wawili. Ilimtosha atabasamu arudi dirishani kwake. Mheshimiwa, tumewaonyesha wageni majaribio mengi katika shule hii, yaliyofanyiwa mazoezi mpaka yakakaririwa, na wageni wamepiga makofi kwa yote. Ni leo tu mgeni wetu ameambiwa kwamba jaribio limeharibika. Naomba ulipokee hilo kama heshima, maana huyu mtoto amekutendea kama mtu mwenye akili zake.

Na siku moja atakuwa amesimama mbele ya damu ya mtu, labda yangu mimi, maana nazeeka, na daktari mwenye haraka atakuwa anangoja mlangoni. Ningependa damu yangu ipimwe na mtu wa namna hii.

Mwalimu Mkuu, sasa tuna asidi iliyopotea na magadi yaliyopotea. Mtoto amekosea mbele ya watu, kwa sababu ni mara yake ya kwanza kuishika koki ile. Wewe umesema leo tu. Mama yake amekaa mstari wa tatu, na swali lake bado liko mezani kwako. Tumwambieje huyu mtoto?

Jamani, tulieni. Mwalimu Mkuu amesimama.

Anakuja mbele. Ameshika ile chupa... aishike tu, nayo ni ya shule. Anaiangalia ile rangi. Baba, hapo hutaona milima wala mabonde. Haya, samahani, nimenyamaza. Chukua kipaza sauti.

"Mwaga hii. Suuza chupa, uanze upya."

Na Jumatatu, Mwalimu Mkuu? Na wale wenzake wenye mikono nyuma?

"Na Jumatatu aje. Waje wote, na kila mmoja atashika. Kikivunjika kitu, wafagie."

Mama Mbona, usijifunike uso na mtandio, inua kichwa, umesikia mwenyewe. Redio, mwambie binti yako. Na wewe fundi rangi, nakuona pale nyuma na biskuti zako. Usiondoke baada ya sherehe, kuna ukuta hapa una kazi. Mwalimu Mkuu, yale maboksi ya ofisini nitayabeba mimi mwenyewe jioni hii, kabla sijakupa funguo, usije ukalala ukabadilika.

Nilikuwa na ukurasa mwingine wa shukrani. Nitausoma siku nyingine, mkiniita. Nawashukuru wote kwa kuja, kwa masikio yenu, na kwa makofi yenu, hata yale yaliyotangulia kidogo. Mheshimiwa, najua muda wako umekwenda, na gari lako linangoja. Lakini naomba ukae. Mtoto ameshaijaza bureti tena, ameweka mkono kwenye koki, na safari hii anataka kuipata.